Xanadu na Takhmisi: Hotuba Uani mwa Ngome ya Lamu

Hotuba hii niliitoa usiku wa Alhamisi, baada ya isha, uani mwa Ngome. Naiweka hapa nzima kwa wale waliokosa kufika, na zaidi kwa bibi yangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka mpaka Mkunguni, mbele ya Ngome.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojipanga pale kwenye ngazi na magitaa yenu mapajani, ahsanteni kwa kuja. Wengine mmetoka Shela na Matondoni, na nauli ya boti usiku si ile ya mchana. Mwenyezi Mungu awalipe.

Niliombwa nizungumze juu ya ushairi na muziki. Hiyo ni bahari, na nikiingia bila nanga tutakesha. Kwa hivyo nimeshika wimbo mmoja tu. Haukutungwa Lamu. Haukutungwa Mombasa wala Unguja. Ulitungwa na vijana watatu kutoka Toronto, Kanada, ukarekodiwa kwenye shamba huko Wales mwaka 1977, nao una dakika 11. Unaitwa "Xanadu", na kundi lenyewe ni Rush. Muziki wao ni roki, ile ambayo wenyewe huiita progresivu: magitaa na ngoma za roki zimepewa safari ndefu ya muziki wa okestra, sehemu baada ya sehemu, midundo inageuka njiani, wala hakuna anayekimbilia kiitikio.

Naona mzee wangu mmoja hapa mbele amekunja uso. Sisi na roki, wapi na wapi? Nakuomba subira, mzee wangu. Vijana wale walifanya kazi ambayo washairi wa Pate waliifanya kabla hawajazaliwa babu wa babu zao. Nao hawakuwa na jina la kuiita kazi hiyo. Sisi jina tunalo. Nitalitaja likifika mahali pake.

Kwanza shairi, maana wimbo ule ni mtoto wa shairi.

Mwenye shairi ni Mwingereza, Samuel Taylor Coleridge. Kwa maelezo yake mwenyewe, kiangazi cha mwaka 1797 alikuwa mgonjwa, akajitenga kwenye nyumba moja ya shamba karibu na Exmoor. Akanywa dawa ya kutuliza maumivu, na dawa za siku zile zilikuwa na afyuni. Akawa ameketi anasoma kitabu cha kale cha safari, pale panaposimuliwa jumba alilolijenga Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia. Usingizi ukamchukua kitabu kikiwa mkononi. Anasema usingizini alitunga mistari 200, labda 300, bila ya kuitafuta. Picha zilikuja na maneno yake pamoja. Akaamka, shairi zima limo kichwani. Akavuta karatasi, akashika kalamu, akaanza kumimina.

Mara hodi.

Ni mtu katoka kijiji cha Porlock, ana shughuli naye. Coleridge akatoka, akazuiliwa zaidi ya saa nzima. Aliporudi mezani shairi limekwenda zake. Mistari michache ilibaki imetawanyika, kilichosalia ni kumbukumbu kwamba hapa palikuwa na kitu. Tulichorithi sisi ni mistari 54. Mwenyewe aliifungia karibu miaka 20, hata mwaka 1816 ndipo akaichapisha, tena kwa kusukumwa na mshairi mwenzake, Lord Byron.

Mama zangu, nyinyi mnaotunga, mnamjua mtu wa Porlock au hammjui? Ubeti uko ncha ya ulimi, vina vimekubali, na papo hapo mtoto analia, wali unaungua, jirani anaita dirishani. Ukirudi, ubeti hauko. Wangapi hapa wamezika beti namna hiyo? Naona vichwa vinatikisika. Kumbe tunamjua vizuri.

Sasa sikilizeni yaliyomo katika mistari ile 54. Kuna jumba la starehe. Kuna maili 10 za ardhi yenye rutuba zilizozungushiwa kuta na minara. Kuna mto mtakatifu, jina lake Alph, unaopita chini ya mapango yasiyopimika mpaka kwenye bahari isiyoona jua. Jumba liko juani, na chini yake mna mapango ya barafu. Halafu, tunapodhani tutaambiwa zaidi habari za Khan, shairi linageuka ghafla. Mshairi anasema: niliwahi kuona katika njozi msichana akipiga ala ya nyuzi na kuimba.

Msichana wa wapi? Mwajua? Wa Uhabeshi.

Wa Uhabeshi, ndugu zangu! Mwingereza amelala Exmoor, anaota jumba la Mongolia, na alipokwama akamwita binti wa Kiafrika, wa nchi inayopakana na yetu. Tena sikilizeni anachosema juu yake, kwa sababu usiku wote huu umesimama hapo. Anasema: lau ningeweza kuufufua ndani yangu wimbo wa msichana yule, basi kwa muziki ningelijenga jumba lile hewani.

Kwa muziki. Si kwa mawe. Si kwa maneno peke yake. Shairi lenyewe linaomba muziki. Lilisimama mlangoni likingoja, na tukihesabu kutoka 1797 mpaka 1977, lilingoja miaka 180.

Niwaambie pia kwamba mahali penyewe ni pa kweli, pana ramani. Ni Shangdu, mji wa kiangazi wa Kublai Khan, katika sehemu ya China inayoitwa Mongolia ya Ndani. Marco Polo alisimulia habari zake. Leo ni misingi na kuta za udongo katikati ya majani, na mwaka 2012 UNESCO iliuingiza katika orodha ile ile ya urithi wa dunia ambayo mji wetu huu umo tangu 2001. Kwa hivyo mkisikia Xanadu msidhani ni paukwa pakawa. Ni gofu. Na sisi watu wa visiwa hivi tunayajua magofu.

Basi tuje kwa hao vijana.

Walikuwa watatu: Geddy Lee aliyeimba na kupiga gitaa la besi, Alex Lifeson wa gitaa, na Neil Peart wa ngoma. Maneno ya nyimbo aliyaandika nani? Mpiga ngoma. Narudia kwa ajili yenu vijana mliozoea kumweka mpiga ngoma nyuma kama mbeba mizigo: maneno aliyaandika mpiga ngoma. Peart alikuwa mtu wa vitabu. Lile shairi alilifikia kwa mlango wa pembeni. Alivutiwa na filamu moja ya zamani ya Kimarekani ambamo mistari yake inatajwa, akaenda kulitafuta shairi lenyewe alisome, na aliposoma likamteka.

Alifanya nini? Hapa nataka masikio yenu. Je, alichukua mistari 54 ya Coleridge akaitia sauti? Hapana. Alichukua vitu vichache: mto, jumba, mapango ya barafu, umande wa asali na maziwa ya peponi ambayo shairi linaishia nayo. Kisha akaingiza mtu ambaye katika shairi hayumo. Mtu huyu amesikia hadithi kwamba anayekula umande ule na kunywa maziwa yale hafi. Anafunga safari, anapanda milima iliyoganda, anatafuta, anafika. Anakula. Anakunywa. Hafi.

Halafu?

Halafu miaka 1,000 inapita, na yeye yumo. Anatazama nyota, anangoja dunia iishe, nayo haiishi. Akili inamruka. Yale mapango ya barafu ambayo kwa Coleridge yalikuwa ajabu ya kutazamwa, kwa Peart yamekuwa gereza. Maneno ni yale yale, maana imegeuzwa kama kanzu inavyogeuzwa ndani nje.

Wazee wangu, kazi hiyo mnaiita nini? Mtu anachukua maneno ya mshairi aliyetangulia, anayaacha yasikike, lakini anayazungushia yake mpaka yanasema jambo jipya?

Nimesikia. Semeni kwa nguvu vijana wasikie.

Takhmisi!

Hiyo ni takhmisi. Vijana, kwa wasiojua: mshairi anachukua vipande viwili vya mwenzake, anatunga vitatu vyake, anaviunga, ubeti unakuwa wa vipande vitano. Vyake vitatu vinatangulia, vya mwenyewe viwili vinafunga. Maneno ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wetu wa kale, yalifanyiwa hivyo, na aliyeyafanyia takhmisi ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Hakuyaiba maneno ya Liyongo. Hakuyaboresha pia, kana kwamba yalikuwa na kasoro. Aliketi nayo kama unavyoketi na mgeni wa heshima, ukaweka chako mbele yake. Ndivyo Peart alivyoketi na Coleridge. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdallah alikuwa na kanuni, anajua vitatu kwa viwili, na Peart alipapasa gizani mpaka akaipata njia mwenyewe. Mimi namheshimu kwa kupapasa kule.

Na kwa kuwa Sayyid Abdallah ametajwa, siwezi kuupita utenzi wake, Inkishafi. Yapata miaka 200 iliyopita aliyatazama magofu ya Pate, akausemesha moyo wake. Aliyaona majumba ya matajiri, taa zilizowaka, watu walionyosha shingo kwa fahari, kisha akasema:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni.

Madaka, vile vijumba vya ukutani tunavyoviita vidaka, vilijengwa viwekwe sahani. Na sahani zile zilitoka wapi? Zilitoka China! Zilivuka bahari na majahazi zikaja kupangwa kwenye chokaa ya Pate. Mimi nikiusikiliza wimbo wa Xanadu huwa sioni Mongolia. Naona kidaka. Naona makinda ya ndege yamelala palipokuwa na bakuli lililotoka katika nchi aliyoitawala Kublai Khan. Coleridge aliota jumba likiwa zima. Peart alimtia mtu ndani, akamwonyesha kuwa hatoki. Sayyid Abdallah alitembea juu ya kifusi chake. Lau wangeketi watatu hawa kwenye baraza moja, wangeelewana kabla kahawa haijapoa.

Sasa niseme ulivyotengenezwa, na hapa nitakaa, kwa sababu vijana huwa wanadhani wimbo mkubwa unatengenezwa kwa mashine kubwa.

Mwaka 1975 Rush walitoa albamu ambayo haikuuza. Wenye fedha wakawaambia wafupishe nyimbo, waandike vitu vya kupigwa redioni. Wao mwaka 1976 wakafanya kinyume: wakatoa wimbo mmoja uliojaza upande mzima wa sahani ya santuri, dakika 20. Ukauza. Baada ya hapo wakaachiwa wafanye watakavyo, na mwezi wa Juni 1977 wakavuka bahari kwenda Rockfield, karibu na mji wa Monmouth, Wales. Rockfield lilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Ndugu wawili wenye shamba waliligeuza studio, wanamuziki wakawa wanakuja kulala, kula na kurekodi pale pale.

Studio hiyo ina ua, nao waliutumia ua. Alfajiri walitoa vinasa sauti nje wakarekodi ndege. Peart akatoka na vigogo vyake vya mbao akavigonga nje, mlio ukapiga kuta za mawe ukarudi. Mwangwi ule ni wa mawe, hauna uchawi wa kitufe. Wimbo unapoanza, kwanza unasikia mahali. Unasikia hewa. Ndege, kengele, vigogo, njuga zinazopeperushwa, na chini kabisa sauti nzito ya sinthesaiza, chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme, inayokaa kama ukungu. Gitaa linaingia bila kudonolewa: Lifeson anapiga waya sauti ikiwa imefungwa, kisha anaifungua polepole, kwa hiyo husikii kidole kikigusa, unasikia sauti ikifika, kama tanga unaloliona mbali kabla hujaiona dau.

Mnajua mwimbaji anafungua mdomo saa ngapi? Karibu dakika ya 5. Dakika 5, ndugu zangu! Nyimbo ngapi za redioni zimekwisha kabla ya dakika 5? Kwa nini walingoja hivyo? Kwa sababu mtu wa hadithi hajafika. Yuko njiani, na wewe unasafiri naye, unapanda milima naye. Angeimba dakika ya kwanza, safari ingekuwa porojo tu ya kuambiwa.

Na watu walikuwa watatu tu. Tazameni walivyogawana. Lifeson alining'iniza gitaa lenye shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na moja ya nyuzi 6. Lee naye shingo mbili, besi juu na gitaa chini. Anapohama kwenda kwenye gitaa, nani atashika besi? Miguu yake. Sakafuni palikuwa na pedali za sinthesaiza, anazikanyaga kwa ncha ya kiatu kama mfumaji anavyokanyaga kitanda cha mfumi, huku mikono inafanya jingine na mdomo unaimba. Peart amezungukwa na ngoma, kengele za mirija, pembetatu ya chuma, safu ya vikengele. Mtu mmoja, kazi tatu. Na haya hawakuyajaribu kwa mara ya kwanza studioni. Wimbo walikuwa wameshaupiga jukwaani mbele ya watu kabla ya kwenda Wales. Walipofika walipiga mara moja ili mitambo ipangwe sauti. Kisha wakaupiga wa kurekodi, dakika zote 11, mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, na fundi wa studio akastaajabu.

Mkupuo mmoja! Lakini nyuma ya mkupuo huo mna majukwaa mangapi, malengelenge mangapi?

Albamu ilipotoka mwaka huo huo wa 1977, upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo mbili tu. Mbili. Zilitosha kuujaza.

Sasa mniruhusu nisogee nyumbani.

Miaka mitatu nyuma, mimi na vijana wanne tulijaribu kuchukua beti 7 za Inkishafi tuzipe safari kama ile. Ud, gitaa moja la umeme, kinanda, zumari na msondo. Darini kwetu Mkomani, chini ya makuti, maana huko juu kuna upepo na majirani walituvumilia. Tukaja kwenye ubeti wa madaka, tukakwama.

Kijana wetu wa ngoma ni mzuri sana, yumo humu, simtaji. Yeye amezoea kuhesabu nne. Hebu hesabuni na mimi kwa vidole: sa-sa-wa-la-li-ye, sita. Wa-na-wa-nyu-ni, tano. Sita na tano, 11. Kumi na moja haikai ndani ya nne. Kila akizunguka, silabi moja inapungua, ngoma inaachwa na pengo. Tulijaribu usiku mzima. Mwishowe akapata dawa. Akaongeza "na". Sasa walaliye, na wana wa nyuni. Sita na sita, 12, ngoma imetulia, sote tukafurahi.

Bibi yangu alikuwa amekaa mlangoni mwa ngazi anapepeta mchele. Kusoma hajui, lakini Inkishafi anayo yote kifuani; ameighani tangu ni kijana. Akauweka ungo chini. Akauliza, "Ni nani aliyelala na nyuni?"

Tukanyamaza. Ni kweli. Mshairi anasema makinda ya ndege ndiyo yaliyolala kidakani. Kwa "na" moja tulikuwa tumeingiza mtu kitandani kwa ndege. Tumelivunja gofu lote kwa ajili ya kuifurahisha ngoma.

Kijana akajitetea, "Bibi, haingii kwenye mdundo."

Akamjibu, "Utenzi una ndia yake. Ngoma ndiyo iufuate." Akaanza kuughani, hana ala, vidole vyake vinagonga ukingo wa ungo. Na vile vidole, wallahi, vilikuwa vikihesabu sita, kisha tano, kisha vinapumua. Sita, tano, pumzi. Tangu utoto wangu nimemsikia, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama vidole.

Usiku ule nilimpigia kijana wimbo wa Xanadu. Mna kipande mle kinachokwenda kwa saba. Mwanzo kinakuyumbisha, kama unavyoyumba ukitia mguu mmoja ndani ya mashua. Halafu mwili unakubali, unaona kwamba saba ina mwendo wake. Nikamwambia: hawa wamethubutu kwa saba, na bibi yako anakupa 11 bure, iliyopimwa karne mbili. Alikaa na ule ungo siku tatu. Siku ya nne alishuka na mdundo wa 11 kwenye msondo ambao sijapata kuusikia popote, na maneno ya Sayyid Abdallah yaliingia bila kusukumwa.

Tulirekodi kabla ya alfajiri ili tuyakwepe majenereta. Tukasahau punda. Katikati ya ubeti wa tano, punda wa jirani akalia, mlio mzima, mpaka ule mkoromo wake wa mwisho. Vijana wakataka turudie. Mimi nikawaza ua wa Rockfield na ndege wake, nikasema aachwe. Shairi linasema majumba yamebaki kwa wanyama na ndege, naye mnyama ameitikia. Kwa nini tumfukuze?

Wimbo ukatoka na dakika 9. Nikaupeleka kituo kimoja cha redio. Aliyeusikiliza alikuwa na adabu, alinikaribisha chai. Akaniambia, "Ni mzuri, lakini nikatie dakika 3." Nikamuuliza, nikate wapi? Akasema, "Toa huko mwanzo, watu wanataka sauti ya mtu." Nilirudi nao ulivyo. Uliniuma, sitaficha, na miezi mingi sikushika ud. Sikumlaumu yeye peke yake. Sisi wenyewe tumekubali kwamba tenzi ni za msiba na maulidi, na wimbo ni dakika 3, na vitu viwili hivi visikutane. Nani alituambia? Bibi zetu walighani tenzi mpaka taa ikaisha mafuta. Watu wa pwani hii walisikiliza Tambuka, utenzi wa kale wa vita, beti kwa mamia, wakiwa wamekaa chini. Masikio yetu yalifupishwa lini?

Ndugu zangu vijana, mkitaka kutia muziki kwenye ushairi, msije kwangu na kiitikio. Njooni na ubeti mliouishi. Mwulizeni mwenye kuujua kwa moyo pumzi inakaa wapi. Ingizeni mtu wenu ndani yake, kama Peart alivyomwingiza yule msafiri. Maana kuna binti hapa Lamu ambaye nyumba ya ukoo wao imeuzwa, akisimama mbele ya vidaka vya chumba ambacho si chake tena, ana vipande vitatu vya kuweka mbele ya viwili vya Sayyid Abdallah. Navisubiri. Zumari lipo, pembe za vugo zipo, matari yapo, gitaa la umeme nalo lipo. Mtu akikuuliza hiyo ni roki au ni utenzi, mwache aulize, wewe piga.

Neil Peart alifariki Januari 2020. Siku nilipopata habari nilikuwa kwenye gati la Mokowe nangoja boti, na niliketi juu ya magunia nikausikiliza wimbo mzima kwa vipokea sauti vya masikioni. Boti ya kwanza ikaondoka. Nikaiacha.

Nimesema ya kutosha. Tutauweka sasa wimbo wenyewe wa Xanadu, wote, kisha wa kwetu wenye punda. Nawaomba mzime simu, mtu wa Porlock asituingilie. Kwa dakika 5 hamtasikia mtu akiimba. Msiangaliane mkiuliza mtambo umeharibika. Fumbeni macho kama mnataka. Mtasikia ndege kwanza.

Bwana wa mitambo, zima taa za uani. Weka.